Herufi ya Kiarabu mgongoni mwa Shiva: sarafu mbili za Mysore kwenye mkebe wa babu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi hapa Mombasa, safari zake Maskati na pwani ya Malabar. Baada ya arobaini yake tulipanga vitu chumbani mwake, tukakuta mkebe wa biskuti na ndani sarafu mbili zimefungwa kwenye kitambaa. Moja ni ya dhahabu, ndogo kuliko ukucha wangu. Upande mmoja wameketi watu wawili, mmoja ameshika kitu kama uma. Upande wa pili ni nukta tupu na katikati herufi moja, ح. Nyingine ni ya shaba, ina ndovu, juu yake jua na mwezi, na nyuma naona XX CASH na maandishi ya viduara viduara. Sonara ameniambia ya dhahabu ni bandia, maana hakuna Mwislamu wa kutia herufi yake nyuma ya masanamu ya miungu. Ya ndovu anasema ni ya Tipu Sultan, niishike sana. Ni kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu babu.

Sonara wako huenda anaijua dhahabu kunishinda, lakini hapa amekosea mara mbili. Kwa maelezo yako, ile anayoiita bandia ina dalili zote za sarafu ya Haidar Ali, Mwislamu aliyeitawala Mysore, baba yake Tipu. Na ile ya ndovu si ya Tipu. Ni ya mfalme wa Kihindu aliyekalishwa kitini baada ya Tipu kuuawa. Mwislamu aliwaacha miungu kwenye dhahabu, na Mhindu akamwacha ndovu wa Waislamu kwenye shaba. Ndiyo sababu sarafu za Mysore hunikosesha usingizi kuliko za nchi yoyote ya kusini mwa India.

Kwanza tuwajue wenye nchi. Ukoo wa Wodeyar husimulia kwamba ulianza mwaka 1399 na kijana aitwaye Yaduraya. Wodeyar kwa Kikannada, lugha ya huko, ni bwana, mwenyewe. Kwa karibu miaka mia mbili walikuwa watawala wadogo chini ya Vijayanagara, dola kubwa la Kihindu la kusini. Dola hilo lilivunjwa vitani na masultani wa Dekani mwaka 1565, na mwaka 1610 Raja Wodeyar akaitwaa Srirangapatna, ngome iliyo kisiwani katikati ya mto Kaveri. Hapo ndipo walipoanza kuhesabiwa miongoni mwa wafalme, na hapo ndipo walipoanza kuadhimisha Dasara, sherehe ya siku kumi ambayo zamani ilikuwa ya wafalme wa Vijayanagara.

Sarafu zilikuja baadaye kidogo, kwa Kanthirava Narasaraja, aliyetawala 1638 hadi 1659. Ni wa kwanza katika ukoo kuwa na kiwanda chake cha kugonga sarafu. Aligonga kitu kinachoitwa hana, kijisarafu cha dhahabu chenye ukubwa wa punje ya dengu na uzito usiofika nusu gramu. Mara ya kwanza kushika kimoja nilikiweka kiganjani, nikageuka kuchukua miwani, niliporudi hakipo. Kilikuwa kimenasa kwenye mkunjo wa kidole. Upande mmoja yumo Narasimha, nusu mtu nusu simba, ambaye jina lake limo ndani ya jina la mfalme. Tena Kanthirava yenyewe maana yake ni simba. Upande wa pili ni mistari mitatu ya maandishi ya Kinagari: Sri Kanthirava. Lakini usitarajie kuviona vyote. Muhuri wa kugongea ulikuwa mpana kuliko dhahabu iliyowekwa chini yake, kwa hiyo sarafu moja hupata goti la mungu, nyingine nusu ya kichwa, nyingine silabi mbili na nukta.

Hana kumi zilihesabiwa kuwa varaha moja. Varaha ya Kanthirava haikugongwa hata siku moja! Ilikuwa ya daftarini tu: karani aliandika varaha mia, mlipaji akamwaga mezani hana elfu. Na mfalme huyo alipofariki hana yake haikufa naye. Wodeyar waliofuata waliendelea kuitumia, na mapato ya nchi yakaendelea kuandikwa kwa varaha za Kanthirava hadi karne ya 19. Leo kwa Kikannada hana ni pesa, pesa yoyote, hata ya karatasi. Sisi huku tumefanya vivyo hivyo: pesa ilikuwa paisa, kijisarafu cha shaba cha Kihindi, na Sayyid Barghash alipoagiza sarafu zake za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zilikuwa paisa hizohizo. Sarafu imekwisha sokoni, jina limebaki mdomoni.

Sasa Haidar Ali. Alikuwa askari aliyepanda ngazi kwa upanga na akili, na kufikia 1761 Mysore ilikuwa mkononi mwake. Hakujiita mfalme. Wodeyar alibaki jumbani, anatolewa wakati wa Dasara watu wamwone, kisha anarudishwa ndani. Mwaka 1763 Haidar akateka Bednur, mji tajiri wa milimani magharibi uliokuwa wa watawala wa Ikkeri, njia ya pilipili na iliki kushuka pwani. Akaubadilisha jina ukawa Haidarnagar, Nagar kwa kifupi. Pamoja na hazina akakuta kiwanda cha sarafu, na mafundi wake wanagonga varaha za dhahabu zenye Shiva na mkewe Parvati wameketi pamoja.

Huo "uma" unaouona ni mkuki wa ncha tatu wa Shiva. Haidar hakuufuta. Aliwaacha miungu wote wawili mahali pao, akageuza upande wa nyuma, akatia herufi ya kwanza ya jina lake, ح, katikati ya uwanja wa nukta. Basi. Hakutia cheo, hakutia mwaka, hakutia dua. Sarafu hiyo ikaitwa Bahaduri.

Kwa nini? Wapo wanaoeleza kwa uvumilivu wa dini peke yake, na sikatai kwamba majeshi na ofisi za Haidar zilijaa watu wa kila dini. Lakini mimi nikiitazama sarafu hii namwona zaidi mtu mwenye askari wa kulipa mwisho wa mwezi. Mnunuzi wa pilipili hakujua kusoma Kiajemi wala Kinagari. Alijua sura. Alijua kwamba dhahabu yenye wale wawili walioketi ina uzito fulani na haikuchanganywa. Sura ikibadilika, anampelekea saraf, yule mvunja pesa wa sokoni ambaye jina lake na neno letu sarafu ni mtu na ndugu yake. Saraf anaisugua kwenye jiwe, anaipima, anakunja uso, kisha anakata chake. Mtawala anayebadilisha sarafu iliyozoeleka huanza kupata hasara siku ileile, hata dhahabu iwe safi kiasi gani. Haidar hakuwahi kujua kuandika vizuri, lakini hili alilijua.

Tipu alikuwa mtu mwingine kabisa. (Usimchanganye na Tippu Tip wetu, Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wamepishana karibu karne moja.) Alishika nchi mwaka 1782 na akataka kila kitu kiwe kipya: vipimo, kalenda, majina ya miji, na sarafu. Miungu wakatoka kwenye dhahabu. Jina lake mwenyewe hakuliandika popote, wala la mfalme wa Delhi kama ilivyokuwa desturi, lakini herufi ya baba yake, ح, aliendelea kuitia.

Majina aliyozipa sarafu zake yatakufurahisha, kwa sababu utayasikia kama wito wa majina madrasani. Za dhahabu ni Ahmadi, ya Mtume. Sadiki, ya Abubakar. Faruki, ya Omar. Ya fedha iliyo kubwa kuliko zote, rupia mbili kwa moja, ni Haidari, ambalo ni jina la Sayyidna Ali na la baba yake kwa mpigo mmoja. Rupia ni Imami, na chini yake zinashuka Abidi, Bakiri, Jaafari, Kadhimi, kila moja nusu ya iliyotangulia. Kwenye shaba akapanda mbinguni: Mushtari, Zuhura, Bahram ambaye ndiye Mirihi, kisha Akhtar ambayo ni nyota tu, na ndogo kabisa Kutubi, nyota ya ncha ya kaskazini. Sijui kama kuna fungu jingine la chenji duniani lenye ushairi kama huu.

Akaanzisha pia kalenda aliyoiita ya Mauludi. Kwa jina ni hesabu ya tangu uzawa wa Mtume. Tarakimu zake akaziandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama herufi. Kwa hiyo mwaka 1215 wa Mauludi kwenye sarafu utauona kama 5121, na wengi wamejikuna kichwa hapo.

Kwenye shaba ya Tipu ndiko alikokuwa ndovu. Baba yake alikwisha kumtumia katika miaka yake ya mwisho, na Tipu akamgonga katika miji mingi. Wengine wanaangalia kulia, wengine kushoto, mkonga umeinuliwa au umening'inia. Nyuma yake ni Kiajemi: mahali ilipogongwa. Patan ndiyo Srirangapatna. Kukiwa na mapambo ni maua na nukta. Hakuna XX CASH, na hakuna jua na mwezi vya namna ya sarafu yako.

Tipu aliuawa tarehe 4 Mei 1799 Waingereza walipoivunja ngome ya Srirangapatna. Walimtafuta mrithi wa Wodeyar wakampata mtoto wa miaka mitano, Krishnaraja wa tatu, wakamkalisha kitini tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Mysore ikawa nchi ya mfalme kwa jina na ya Kampuni ya Mashariki ya India, ile ya Waingereza, kwa hesabu: kila mwaka ilipe varaha laki saba, zile za Madras zenye nyota, gharama ya jeshi la kuilinda. Kazi yenyewe ya kutawala akapewa Purnaiah, Mbrahmini aliyekuwa waziri wa Tipu na kabla yake alimtumikia Haidar. Mtu mmoja, mabwana watatu. Mwenye kushangaa kwa nini ndovu alibaki kwenye shaba amtazame Purnaiah. Wanajeshi, wakulima na wauza mboga walimjua ndovu. Akaachwa.

Ila aliongezewa vitu. Juu ya mgongo wake likaja jua na hilali, na katikati herufi ya Kikannada isomekayo Sri. Usiidhanie hilali hiyo kuwa ya msikitini. Kwenye hati za ardhi za wafalme wa kusini, za kwenye mawe na mabamba ya shaba, huandikwa kwamba zawadi hii idumu maadamu jua na mwezi vipo, na mara nyingi vyote viwili huchorwa juu ya hati. Nyuma ya sarafu ndiko kulikobadilika kweli. Kiajemi kikaondoka, na badala yake Kikannada, hayo maandishi ya viduara viduara unayoyaona, pamoja na thamani kwa herufi za Waingereza: kasu ishirini, XX CASH. Msomaji wa leo atadhani ni ile "keshi" ya dukani. Siyo. Kasu ni jina la kale la kijisarafu huko kusini, Wareno wakalitamka kwa namna yao na Waingereza kwa namna yao, likagongana kwa sauti na neno jingine la Kizungu ambalo ndilo lililotuletea keshi.

Baadaye jina la Chamundi, mungu wa kike wa ukoo, ambaye hekalu lake liko juu ya kilima kinachotazama mji wa Mysore, likaongezwa juu ya ndovu. Katika miaka ya 1830 ndovu mwenyewe akampisha simba, na Kiajemi kikarudi. Yako, kama haina jina la Chamundi, ni ya awali kati ya hizo.

Na kwenye dhahabu? Krishnaraja aliwarudisha Shiva na Parvati na nyuma akaandika jina lake mahali pa ile ح. Kwenye fedha ndiko kichekesho kilipo: rupia zake zina jina la Shah Alam, mfalme wa Kimughali wa Delhi, ambaye hakuitawala Mysore na ambaye alifariki mwaka 1806. Mfalme wa Kihindu, chini ya Waingereza, anagonga jina la Mwislamu marehemu, kwa sababu rupia iliyoaminika ilikuwa na jina hilo. Waingereza wenyewe walifanya hivyo kwenye rupia zao.

Hadithi ya sarafu inaishia karibu hapo. Mwaka 1831 Waingereza walimnyang'anya Krishnaraja serikali, na mwaka 1843 kiwanda cha sarafu kikafungwa. Utawala ulirudishwa kwa ukoo mwaka 1881, akapewa Chamarajendra, mtoto wa kulea wa Krishnaraja, lakini haki ya kugonga sarafu haikurudi. Kinachoniuma ni kwamba miaka ileile ndipo migodi ya Kolar, ndani ya nchi hiyohiyo, ilipoanza kutoa dhahabu kwa wingi, ikichimbwa na kampuni za Waingereza. Umeme wa maporomoko ya Shivanasamudra ulivutwa hadi Kolar mwaka 1902 kuendesha mitambo ya migodi. Ukoo ulioanza na dhahabu ya ukubwa wa dengu ulikuwa umekalia mgodi, na kwa soko lake wenyewe ulitumia rupia yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza.

Wodeyar wa mwisho kutawala alikuwa Jayachamarajendra, hadi India ilipokuwa jamhuri mwaka 1950. Kasri unaloliona kwenye picha, lenye kuwashwa taa maelfu, si la zamani sana: la mbao liliungua mwaka 1897, hili likamalizika 1912. Ndege wao mwenye vichwa viwili, Gandabherunda, ambaye kabla yao alikuwa kwenye sarafu za Vijayanagara, leo ni nembo ya jimbo la Karnataka. Na ndovu yupo bado. Siku ya mwisho ya Dasara hubeba kiti cha dhahabu mitaani, ila aliyeketi juu si mfalme tena. Ni sanamu ya Chamundi.

Turudi kwenye mkebe. Ya dhahabu ipime kwa mizani ya sonara, ile ya gramu zenye desimali. Bahaduri ya kweli ina karibu gramu 3.4. Ikitoka 2.6 au 4.1, nitaanza kukubaliana na sonara wako. Itazame pembeni kwa kioo cha kukuzia. Iliyogongwa kwa nyundo ina ukingo usio sawa, pengine umepasuka kidogo, na mistari ya sura imesimama imara. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vishimo kama vya ngozi ya chungwa na wakati mwingine mshono unaozunguka ukingo. Nayasema haya kwa uchungu: niliwahi kununua "ndovu wa Tipu" sokoni, nikamwonyesha kila mgeni aliyekuja kwangu, hadi mgeni mmoja akapitisha ukucha pembeni na kuniuliza taratibu ule mfereji ni wa nini.

Ya shaba usiisafishe. Si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Ule weusi wa miaka mia mbili ndio ngozi yake, na mnunuzi anayejua huukwepa mng'aro kama ugonjwa. Kwa bei usijenge ghorofa: shaba za Krishnaraja ziligongwa nyingi na zimebaki nyingi. Ya dhahabu inazidi bei ya dhahabu yake, kwa hiyo usikubali sonara aiweke kwenye mizani na kukulipa kwa gramu, hasa huyo aliyekwisha kuiita bandia. Ukitaka kuipeleka India ikaangaliwe, uliza kwanza forodhani na upate hati ya kuingia nayo. Sheria yao ya mwaka 1972 inazuia kutoa nchini vitu vya kale vilivyopita miaka 100, na sarafu yako ikishaingia bila karatasi, kuitoa itakuwa mashaka.

Kuhusu namna zilivyofika Mombasa, sitabuni. Tipu alikuwa na wakala wake wa biashara Maskati, wa kuuza mchele, msandali na viungo vya Mysore, na dhahabu ya Kihindi ilizunguka bandari zote za Ghuba na zetu muda mrefu baada yake. Babu angeweza kuipata Maskati, Mangalore, au hapohapo bandarini kwa mtu aliyekosa nauli. Kile kitambaa usikitupe, wala mkebe. Angalia chini ya mfuniko na kwenye mikunjo ya kitambaa: huenda babu aliandika bandari na tarehe kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu. Ukikuta hata neno moja, nipigie picha uniletee, pamoja na uzito wa ile ya dhahabu na sura ya pande zote nne.